Kibuyu cha Sichoki

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mwaitikia kinyonge? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale mvua iligoma. Maji yakabaki ng'ambo ya nyika tu, mwendo wa siku mbili. Bi Paa alikuwa na mtoto mmoja, dhaifu, miguu kama vijiti. Atavukaje?

Fisi akaja na kibuyu. "Mzizi huu, Bi Paa, ukiunywa huchoki. Mimi mwenyewe nanywa kila siku. Waulize waliovuka wakarudi."

Bi Paa akawauliza. Wote wakaisifu dawa.

Akaenda kwa Nungunungu, mganga mzee, mkali wa maneno.

"Waliokunywa ni wangapi?" Nungunungu akauliza.

"Thelathini."

"Waliorudi?"

"Watatu."

"Na wale ishirini na saba, nani amewauliza?"

Jua la utosi, upepo ukavuma kutoka nyikani. Ndani yake mna sauti nyembamba: sichokiii... sichokiii... Vishindo vya miguu havikusikika. Bi Paa akamsogelea Nungunungu.

Nungunungu akamwita Fisi mbele ya wanyama wote. Akajaza vibuyu viwili, kimoja mzizi, kimoja shubiri. Uchungu ule ule, rangi ile ile. Akavibadilisha nafasi nyuma ya kichuguu, kisha Kanga akavibadilisha tena peke yake.

"Sasa hajui yeyote kipi ni kipi. Nani atakunywa, akimbie?"

"Mimi," akasema Bi Paa. "Nife mimi, asife mwanangu."

"Na wewe, Fisi. Si wanywa kila siku?"

Fisi akameza mate. Macho yote kwake. Akachukua kimoja, akanywa. Gudu, gudu, gudu. Bi Paa akanywa cha pili.

Wakazunguka kilima. Tapu, tapu, tapu. Mzunguko wa tatu Bi Paa akajitupa chini, anahema. "Nimechoka, jamani!"

Fisi hakuhema. Hakupepesa jicho. Nyayo zinatoka damu, naye anacheka.

"Simama, Fisi!"

"Sichoki!"

Akashika njia ya nyika. Tapu, tapu, tapu. Vishindo vikakoma. Sauti haikukoma.

Bi Paa akavuka na mwanawe polepole, wakichoka wakapumzika. Njiani wakapita mafuvu ishirini na saba, yote yana alama za meno ya Fisi. La ishirini na nane halikuwa na alama. Lilikuwa la Fisi mwenyewe.

Basi, wakubwa kwa wadogo, dawa msiipime kwa sifa za waliorudi. Waulizieni na wasiorudi. Na uchovu si adui, ni mlinzi wa mwili.

Hadithi yangu naitua hapa. Upepo ukiwaita mchana, msiitikie.