Siku Arobaini kwa Pumzi Moja

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wana nyumba zenye milango, palikuwa na chemchemi moja kigeugeu. Leo inatoa maji, kesho imekauka kau. Ikitoa, Tembo na Nyati hutangulia, na Pimbi, ambaye umbo lake halizidi kiatu cha Tembo, huachiwa tope. Nyumbani mkewe Mwasiti alikuwa ananyonyesha mapacha, na maziwa yameanza kukatika. Jambo hilo lilimuuma sana Pimbi, maana alimpenda mkewe, hata ubishi wake.

Akawaendea wakubwa wale, akawapa shikamoo zao, akaomba mashindano. Kobe, jirani wa chemchemi, alikuwa ameweka kijiwe kila siku kwa siku arobaini: cheupe maji yakitoka, cheusi yasipotoka. Basi atakayezieleza siku zote hizo kwa pumzi moja bila kukosea, yeye na watu wake watangulie kunywa daima.

Tembo akakitazama kifua chake, akakitazama cha Pimbi, akacheka mpaka masikio yakapiga pa, pa, pa. Akakubali. Nyati naye akakubali, asije akaonekana mwoga.

Akaanza Tembo. Akavuta pumzi fuuu, akataja siku mojamoja: hayakutoka, hayakutoka, yalitoka, hayakutoka... Siku ya thelathini na moja macho yakamtoka, akakohoa.

Nyati akasema mzee ana maneno mengi, yeye anajua njia ya mkato. "Hayatoki," akasema, akageuka aende zake.

"Bwana Nyati," Kobe akamwita, "mbona hapa pana vijiwe vyeupe kumi na vitano? Anza tena, na hivyo uvitaje."

Nyati akaanza tena: hayatoki, isipokuwa siku ya tatu, ya sita, ya nane, ya tisa, ya kumi na mbili... Alipofika ya thelathini, pumzi ikamwishia pwii.

Ikawa zamu ya Pimbi. Vile vijiwe alikuwa amevitazama asubuhi nyingi.

"Maji hutoka kila siku ya tatu. Tena yalitoka siku ya nane na ya ishirini na mbili, kwa sababu ya mvua."

Pumzi iliyobaki akaipigia chafya.

Kobe akapita kijiwe kwa kijiwe, taratibu kama kawaida yake. Hakuna hata kimoja kilichokataa.

Tembo akalalamika kwamba amechezewa. Yeye alidhani ni mashindano ya vifua.

"Ndiyo ya vifua, mzee wangu," Pimbi akamjibu kwa upole. "Ila changu kidogo, siku arobaini hazienei. Ikanibidi nitafute zinavyofuatana."

"Na maji yatatoka lini tena?" Tembo akauliza.

"Leo ni siku ya arobaini na moja. Njooni kesho."

Kesho yake Mwasiti akashuka na mapacha mgongoni. Maji yakabubujika, bu, bu, bu. Akainama akanywa, akapumzika, akanywa tena, na Tembo na Nyati wamesimama nyuma yake kwenye foleni. Pimbi alilia kwa furaha, wanangu, wala hakuona haya.

Basi anayelijua jambo hulisema kwa machache, na yale yasiyofuata kanuni hayafichi.