Pembe ya Mtoto wa Mndimuni

Hapo zamani za kale, wanangu, ndege walipokuwa bado hawajakubaliana kipepeo yupi aliwe na yupi aachwe, Bi Pepe aliishi juu ya mndimu pamoja na bintiye, Tunu. Bi Pepe alikuwa kipepeo mwenye mikia miwili mirefu nyuma ya mabawa. Tunu alikuwa bado kiwavi, mnene, wa kijani, asiye na kazi ila kutafuna majani.

Ng'ambo ya kijito aliishi Bi Zari, naye kipepeo mwenye mikia, ila kiwiliwili chake kilikuwa chekundu kama pilipili. Watoto wa kwao walilelewa juu ya mmea mchungu utambaao, na uchungu ule uliwaingia mwilini ukawa sumu. Bwana Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kama panga, alikuwa amemmeza kaka yake Bi Zari, akatapika mpaka machozi yakamtoka. Tangu hapo akaapa kutokula kipepeo yeyote kabla ya kumpanga katika ukoo wake.

Asubuhi moja, pwaa! Hondohondo akatua mndimuni, akamkanyaga Bi Pepe mikia.

"Tufuate utaratibu," akasema. "Kwanza, rangi. Kiwiliwili hiki si chekundu. Kwa hiyo si wa ukoo wa sumu. Kwa hiyo ni kitoweo. Mke wangu, kitoweo hicho!"

"Kilete upesi, Baba Makinda! Watoto wanalia!" Sauti ilitoka katika shina la mti wa jirani. Mkewe alikuwa amejifungia humo kwa udongo, kama ilivyo desturi yao wakati wa kulea, akabakiza ufa mwembamba tu wa kupokelea chakula.

Bi Pepe akawaza upesi. Akijichomoa akakimbia, Tunu yupo pale pale kwenye jani la pili, na Tunu hana mabawa. Basi akacheka.

"Ehee! Msomi mzima unapanga koo kwa rangi? Mkeo akijipaka hina, atakuwa ndugu yake Bi Zari? Tazama mikia yangu, kisha katazame yake."

"Mikia! Mbuzi naye ana mkia, na sijasikia mtu aliyedhurika kwa supu yake."

"Basi acha mikia. Ukoo hujulikana utotoni, bwana. Nenda ukamguse mtoto wa Bi Zari shingoni, uone atatoa nini. Kisha urudi umguse wangu. Hukumu utatoa wewe, mimi nitanyamaza."

Hondohondo alipenda sana kutoa hukumu. "Ukitoroka, nitaanza na huyu mnono," akasema, akaruka.

Bi Pepe hakutoroka. Alisikia "Puuuh!" kutoka ng'ambo, na punde Hondohondo akarejea akipiga chafya.

"Ana pembe! Ya rangi ya chungwa, ina panda mbili, na inanuka kama maziwa yaliyooza! Haya, zamu ya wako."

Akamgusa Tunu shingoni. Pembe haikutoka. Akamgusa tena.

"Hi hi hi! Mama, babu huyu ananitekenya!"

"Ahaa!" Hondohondo akang'aka. "Pembe hana! Kwa hiyo..."

Lakini Hondohondo alipoupanua mdomo wake, Tunu aliona koo lake lote hadi chini, akaogopa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Chwaa! Pembe ya rangi ya chungwa, yenye panda mbili, ikachomoka ikamwingia Hondohondo puani.

"Puuuh! Ndiyo hiyo hiyo!"

Upepo ukaupeleka uvundo hadi kwenye ule ufa.

"Baba Makinda!" mkewe akapiga yowe. "Umeniletea nini? Nimefungiwa humu na watoto. Tukianza kutapika tutakimbilia wapi? Thubutu kupitisha kitu hicho hapa, nitakudonoa mdomo huo!"

Hondohondo akajifuta machozi kwa bawa. "Pembe moja, ukoo mmoja. Ukoo mmoja, sumu moja. Nimeshawapanga: hamliwi, ninyi na wote wafananao nanyi." Akaenda zake kutafuta matunda ya mkuyu.

Bi Pepe akashusha pumzi ndefu, akatua karibu na bintiye.

"Mama," Tunu akauliza, "kwani sisi tuna sumu?"

"Hata chembe. Pembe hiyo huzaliwa nayo kila mtoto wa vipepeo wenye mikia, wa kwetu na wa kwao. Sumu hutoka katika majani wanayokula wao, na hilo Bwana Hondohondo hakuniuliza."

"Basi niendelee kula?"

"Kula, mwanangu. Kula ushibe."

Na tangu siku hiyo mndimu ule ulikuwa na amani, nami nasimama hapo kwa neno hili: apangaye wenzake kwa alama moja tu, hujidanganya mwenyewe kabla hajadanganywa na mtu.