Gitaa Lililokatwa Kichwa

Wahunzi hawana maneno mengi, maana moto hauwapi nafasi ya kupiga soga. Koleo likivunjika, mwenye roho nyepesi hufunga kiwanda akaenda kukaa kibarazani, akiwasimulia wapita njia jinsi alivyokuwa hodari zamani. Mhunzi wa kweli hulia kidogo, kwa kuwa naye ni binadamu, kisha hutafuta chuma kingine akafua koleo jipya. Kifaa kikiharibika, kazi haijafa, wala mwenye kazi hajafa. Ni rahisi kulisema jambo hili ukiwa mzima. Mzito na mkewe walilijua kwa njia ngumu.

Mzito alikuwa mpiga gitaa la besi. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Jina alilipata kwa sauti ya gitaa lake, ile nzito ya chini ambayo watu huisikia tumboni kabla haijawafika masikioni. Waimbaji wa bendi walirusha mikono na kupigwa picha. Yeye alisimama nyuma, karibu na mpiga ngoma, akiwabeba wote mgongoni bila mtu kujua kuwa amebebwa. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, na hakujua nyingine.

Jioni moja wakitoka mazoezini, ngazi za ukumbi zikiwa zimelowa mvua, aliteleza akaanguka na gitaa mgongoni. Gitaa lilivunjika shingo na kiwiliwili chake kikapasuka. Mzito naye alivunjika kiwiko cha mkono wa kushoto. Daktari aliuunga mfupa, nao ukaungika vizuri, lakini kiwiko kiligoma kunyooka. Kilifika nusu ya safari kikatia nanga, mkono ukabaki umepinda kama wa mtu aliyebeba kikapu. Vidole vilikuwa vizima kabisa. Ila havikuweza tena kufika mwisho wa shingo ya gitaa, kule karibu na kichwa, ambako sauti nzito kuliko zote hukaa. Alijaribu gitaa la kuazima mara moja tu, akalirudisha bila neno.

Kishindo, mpiga ngoma wa bendi na rafiki yake tangu ujana, alikuja kumwambia kwamba wenzake wako tayari kumngoja.

"Msinisubiri," alisema Mzito. "Tafuteni mtu. Na ile spika yangu kubwa mje muichukue, huyo mgeni ataihitaji."

"Acha maneno hayo, bwana."

"Nimeshasema."

Kishindo alijikuna kichwa. "Basi nitakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, siku mazoezi yanapoanza. Ukibadili mawazo, utanipungia mkono nikiwa bado mlangoni."

"Mkono upi?" aliuliza Mzito, akikitazama kiwiko chake.

Hakuna aliyecheka. Toka siku hiyo ikawa marufuku kutaja muziki ndani ya nyumba. Redio ikipiga wimbo, Mzito aliizima. Aliamka akiwa amechelewa, akala bila kuuliza anakula nini, akakaa kwenye kiti cha dirishani akitazama barabara ambayo haikuwa na la kutazamwa. Mkewe alimwonea huruma hadi huruma ikaanza kumuuma kama jino.

Mke huyo alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Chumba cha nyuma cha nyumba yao kilikuwa karakana yake. Humo alitengeneza milango, vitanda na meza, na vumbi la mbao liliwafuata hadi kwenye mashuka. Alizunguka madukani kutafuta gitaa la besi fupi, ambalo mkono uliopinda ungelimudu. Akakuta marefu matupu, yote ya kimo kimoja kama wanajeshi wa gwaride.

"Basi litazaliwa humu humu," alijiambia.

Kilichokosekana ni mbao kavu ya kutosha, maana mbao mbichi hujikunja baadaye na kuaibisha mtu. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alisikia shida hiyo akamwonyesha kabati lake la nguo.

"Ng'oa mlango huo, mwanangu. Ni mti wa zamani, umekauka kuliko mimi."

"Mama, na nguo zako?"

"Nguo zangu zina aibu gani? Ziache zipate hewa. Mwanangu ndiye anayekosa hewa."

Fundi aliifanya kazi ile mlango wa karakana ukiwa umefungwa. Alichora umbo kwenye boksi la karatasi ngumu, akaikata mbao kwa kulifuata kwa msumeno mwembamba, akalainisha kingo kwa patasi na msasa. Upande utakaogusa mbavu aliuchimba kidogo, kwa sababu alizijua mbavu za mumewe na jinsi zisivyo na nyama ya kuzikinga. Kutoka katika gitaa lililovunjika aliokoa vile vya thamani: sumaku za kunasa sauti, nyaya zake, vikaza nyuzi, na daraja, yaani kile kipande cha chuma tumboni mwa gitaa kinachoshika mwisho wa nyuzi.

Shingo ndiyo iliyomtoa jasho. Alivilaza vipande vya shingo ya zamani mezani, akaviunganisha kama anayeunga mfupa, akanakili kwa ncha ya kisu mahali pa kila kichuma. Vichuma hivyo vyembamba hulala shingoni kama vipandio vya ngazi, na mpigaji hubana uzi juu yake kupata sauti aitakayo. Alivipachika kimoja kimoja, bila kosa hata la unywele. Kisha akafanya alilolifanya maisha yake yote mteja anapolalamika kwamba meza ni ndefu: alipunguza miguu. Aliikata shingo kule chini, upande inapoingia kwenye kiwiliwili, akaondoa upana wa kiganja kizima. Gitaa likawa fupi na zuri. Alilipaka vanishi, akaliegemeza ukutani, akalitazama kwa furaha ya mzazi.

Zilikuwa zimebaki siku chache Kishindo aje. Fundi alimshika mumewe mkono mzima, akamwongoza hadi karakana. Mzito alilisogelea gitaa. Alipitisha kidole kwenye ule mbonyeo wa mbavuni, na macho yake yakalengwa na machozi. Akalivaa. Mkono uliopinda ulipanda shingoni, na vidole vikafika mwisho.

"Vimefika!" alisema Fundi, akipiga makofi.

Mzito aliupiga uzi mtupu, bila kubana popote. Ukatoa sauti nzito, tamu. Akabana kichuma cha kwanza, akapiga. Akabana cha pili, cha tano. Akaanza wimbo anaoujua kuliko jina la babu yake, na hapo uso ukamwanguka. Kila sauti ilipita mahali pake, na kadiri vidole vilivyoshuka ndivyo uongo ulivyozidi. Wimbo ule ulikuwa unafanana na wimbo kama mlevi anavyofanana na mtu.

"Labda nyuzi hazijakazwa vizuri," alisema Fundi.

"Nyuzi zimekazwa." Mzito alilivua taratibu, akaliweka juu ya meza ya kazi. "Ahsante, mke wangu. Usijisumbue tena. Unaona mwenyewe, limekataa."

Akarudi dirishani. Fundi alibaki amesimama katikati ya maranda kwa aibu na hasira. Alilishika gitaa kwa shingo kama mtu anayeshika kuku wa kuchinja, akatoka nalo hadi jikoni.

"Mama, kuna moto?"

Mama mkwe aliacha kuosha vyombo. "Moto wa nini?"

"Nichome huu upuuzi."

"Haya, choma. Na ile meza yako ya kwanza, iliyokuwa ikimwaga chai kila ukiigusa, uliichoma?"

Fundi alilishusha gitaa, akalikumbatia.

"Niliisikia ile chai miguuni mwangu," mama mkwe aliendelea. "Sikukwambia uache useremala. Mlango wangu huo, mwanangu. Ukiuchoma, nitatoa nguo zote kabatini nikuvalishe wewe uwe kabati."

Fundi akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, akiwa amekumbatia gitaa, akisema kwamba alitaka tu kumrudisha mumewe na sasa amemzika kabisa.

Kilio hicho kilivuka ukuta kikamfikia Mzito. Kwa muda wote ule alikuwa akiuguza jeraha lake kama mali ya peke yake, na haikumpitia akilini kwamba kuna mwingine anayeumia. Aliona haya. Akainuka, akaja jikoni, akalichukua gitaa mikononi mwa mkewe bila kusema pole, kwa kuwa pole ilikuwa ndogo mno.

"Njoo," alisema. "Nionyeshe ulilikata wapi."

Wakarudi karakana pamoja. Fundi alimwonyesha. Mzito alivitazama vipande vya shingo ya zamani, kisha ile mpya, kisha akaviweka vidole juu ya vichuma kama mtu anayehesabu mbavu za mgonjwa.

"Sikiliza. Mwimbaji wetu alikuwa akiona wimbo uko chini mno kwa sauti yake, anataka upande juu kidogo. Mimi nilikuwa nafunga kijiti kwa mpira juu ya kichuma cha pili, nyuzi zote zibanwe hapo, halafu naendelea kupiga. Ni kama nimelikata gitaa kichwa. Na vichuma vyote vilivyobaki vilisema kweli."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vichuma vimepangwa kwa kulitazama daraja. Ukilisogeza daraja, vyote vinapotea njia. Lakini kichwa ukikisogeza hadi kwenye kichuma, hakuna kinachopotea. Wewe umekata miguu, mke wangu. Hili lilitaka kukatwa kichwa."

Fundi alishika kiuno. "Nimepunguza miguu ya meza tangu naanza kazi. Hakuna hata moja iliyowahi kulalamika."

"Meza hazina masikio."

Walitazamana, wakacheka wote wawili, kicheko cha kwanza tangu zile ngazi za ukumbi. Halafu Fundi akaacha kucheka, kwa sababu alielewa anachoambiwa afanye. Aichukue shingo aliyoitolea jasho, aikate kwa msumeno pale kwenye kichuma cha pili, kisha akibandike kichwa upya kwa kiungo cha mshazari. Msumeno ukiyumba, shingo imekwisha, na muda wa kutengeneza nyingine haupo.

"Jiriwa yangu ya kubania mbao itaiminya na kuiumiza," alisema.

Mzito aliiweka shingo ndani ya mkono wake uliopinda, akaikumbatia kifuani. "Kata. Mkono huu haunyooki, basi hautateleza."

Fundi alikata. Mume alishikilia bila kupepesa macho, mke akavuta msumeno kwa pumzi ndogo ndogo, na unga mwekundu wa mbao ukawamwagikia wote magotini. Kichwa kilipodondoka, kilidondoka safi. Alichonga mshazari, akapaka gundi, akafunga kwa kamba ya mpira. Daraja alilirudisha nyuma hadi umbali ule ule wa zamani kutoka kwenye vichuma, na matundu ya skrubu yaliyobaki aliyaziba kwa vijiti vya mbao. Kovu lilionekana wazi. Alitaka kulificha kwa vanishi, Mzito akamkataza.

Jumamosi Kishindo alifika na mkokoteni wa kubebea spika. Aligonga, akaitikiwa, akaingia akiwa ameinamisha uso kama mtu anayekwenda msibani.

"Shemeji, nimekuja kuchukua ule mzigo," alimwambia Fundi kwa sauti ya chini. "Yule kijana mpya ameshafika ukumbini."

Kabla Fundi hajajibu, sakafu ilitetemeka. Vikombe vikagongana kabatini. Kutoka chumba cha nyuma ilikuja sauti nzito, ya chini, iliyonyooka, ikifuatiwa na nyingine na nyingine, kila moja ikikaa mahali pake. Wakati mwingine vidole vilikosea, kwa kuwa vilikuwa vimezoea shingo ndefu, na mpigaji alijitukana, akarudia. Kishindo alisimama mdomo wazi. Mkono wake wenyewe ulianza kupiga ngoma juu ya mkokoteni, na machozi yakamtoka bila kujificha.

Wimbo ulipokwisha, Mzito alitoka na gitaa likining'inia kifuani, jasho likimtiririka.

"Umefuata spika?"

"Ndiyo," alisema Kishindo. "Niichukue?"

"Ichukue. Lakini haiendi bila mwenyewe. Na huyo kijana asiondoke, apige siku nitakazochoka; mimi si chuma."

Fundi aliushika mkono wa mumewe uliopinda, akamsaidia kuuweka sawa mkanda begani. Alitaka kusema mambo mengi, akaishia kumpangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. Mzito alivaa viatu, akafungua mlango, akageuka, akasema maneno ambayo watu huyasema kila asubuhi bila kuyafikiri, na ambayo nyumba ile ilikuwa imeyakosa tangu siku ya mvua.

"Haya, mke wangu. Naenda kazini."

Fundi alisimama mlangoni akawatazama wakiusukuma mkokoteni hadi wakapinda kona, naye hakujizuia tena kulia. Maana hakika kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.