Binti Mfalme Asiyejua Kuketi

Kisa, kisa! Semeni, "Kije kikiwa kizima." Hapana, wengine mnatafuna. Kisa, kisa! Haya, sasa kimesikia. Kimekuja, na kimetoka mbali, huko kwenye baridi inayoifanya hii yetu ya Lushoto ionekane mchezo.

Bibi yangu alikuwa yaya kwa mama mmoja wa Kijerumani hapa hapa milimani. Mama yule aliwasimulia wanawe, na bibi yangu akasikiliza huku anakunja nguo. Kwa hiyo nikikosea mahali, mlaumuni yule mama, mimi msiniguse. Na mvua hii haitoi mtu nje, basi endeleeni kupukuchua maharage.

Zamani hizo, zamani za watu kusafiri mwezi mzima kwenda kuoana, palikuwa na binti mfalme wa Kijerumani akiitwa Adelinda. Msidhani kila binti mfalme analala juu ya dhahabu. Baba yake alitawala vijiji vichache na msitu, kisha akafa. Adelinda na mama yake wakabaki katika jumba linalovuja, wakishona soksi zao wenyewe mbele ya moto. Walikuwa wawili tu, na walipendana sana.

Siku moja zikaja barua kutoka Urusi. Mfalme mkuu wa Warusi alikuwa na mpwa wake, jina lake Gleb, na anatafutiwa mke. Kukataa wangekataaje? Adelinda akafungiwa masanduku. Mama yake akamsindikiza mpaka darajani, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Sitaki zawadi kutoka huko," akamwambia. "Nataka nikuone mara moja tena kabla sijafa. Hilo tu, mwanangu."

"Utaniona, mama," akasema Adelinda. Akapanda gari la farasi, akaenda.

Alikwenda, alikwenda, theluji kulia, theluji kushoto, mpaka akafika. Na alipofika wakamvua vitu viwili alivyozaliwa navyo. Wakamvua dini ya kwao, wakamvua na jina. Kuanzia leo, wakasema, wewe ni Pelagia. Sasa wewe Mwanahawa, uamke asubuhi uambiwe wewe ni mtu mwingine, utaitika? Yeye aliitika. Alikuwa na miaka kumi na saba, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Ila Gleb alikuwa mtu mwema, nami nasema hivyo ingawa sisifu waume za watu ovyo. Wakiwa peke yao alimwita Adelinda, na alilitamka vibaya mpaka mkewe akacheka. Wakapata mtoto wa kike, Darya. Aliyekuwa mgumu ni mama mkwe, Bibi Agrafena, mwanamke mrefu, mweusi wa nguo, anayeongea kama maneno yananunuliwa.

Mwaka ukaja, mwaka ukaenda, theluji ikaanguka, theluji ikayeyuka. Ikazuka vita, na Gleb akaitwa.

Sasa sikilizeni hapa, Hoza acha kumchokoza mwenzio. Warusi wana desturi yao. Mtu akitaka kusafiri, mizigo tayari, farasi tayari, watu wote wa nyumba huketi chini kwanza. Msafiri, mama, mpishi, wote huketi kimya kidogo, hakuna anayesema neno. Kisha msafiri huinuka mwenyewe, akaondoka. Wanasema asiyeketi harudi salama. Na kila mtu katika jumba lile alidhani mwingine amekwisha kumweleza Pelagia.

Hakuna aliyemweleza. Aliingia ukumbini na mtoto mkononi, akawakuta wote wameketi wameinamisha vichwa. Gleb naye ameketi juu ya sanduku lake. Akaona ajabu: mume wangu anakwenda vitani na hawa wanapumzika? Hawana hata neno la kumwambia? Uchungu ukampanda. Akamkimbilia Gleb, akamshika mkono, akamwinua, akamkumbatia mbele ya wote, analia kwa Kijerumani. Gleb akacheka, akambusu, akatoka.

Bibi Agrafena alibaki ameketi, na uso wake ulikuwa mweupe. 

Gleb hakufika hata vitani, watoto wangu. Homa ilimchukua njiani, akazikwa kwenye kijiji ambacho hakuna aliyekijua. Habari ilipoletwa, Bibi Agrafena alimwita mkwewe, akamwambia yale aliyokuwa ameyaweka kifuani.

"Hukumwacha aketi," akasema. "Mkono uliomwinua mwanangu hautamlea mjukuu wangu."

Wakamchukua Darya, wakampeleka upande mwingine wa jumba. Mama yake aliruhusiwa kumwona Jumapili, mtoto akiwa amesimama na mlezi wake, naye akiwa amesimama upande wa pili wa chumba. Hakuna aliyemwita Adelinda tena, kwa sababu aliyelitumia jina hilo alikuwa kaburini. Nalihurumia lile toto la watu mpaka leo. Kosa lenyewe ni kumkumbatia mumewe.

Mwaka ukaja, mwaka ukaenda, theluji ikaanguka, theluji ikayeyuka. Mama yake aliandika kutoka kwao: naumwa, njoo. Adelinda akamwomba mfalme ruhusa, akakataliwa. Akaandika tena mama: miguu imevimba, siwezi tena kutembea mpaka darajani, njoo. Akaomba tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu mwandiko wa mama ulikuwa umepinda kabisa, na safari hii mfalme alikubali. Lakini akaweka masharti. Aende peke yake, maana Darya ni damu ya Urusi. Na akitoka, asirudi.

Alifikiri siku tisa. Mtoto ana miaka sita, akajiambia, ana bibi yake, ana walezi, mimi ananijua Jumapili tu. Mama yangu hana mtu mwingine. Basi akaamua kwenda.

Siku ikafika, mchana, jua kali juu ya theluji. Gari mlangoni, masanduku yamepakiwa, limebaki moja. Wakamleta Darya kuaga, koti limefungwa mpaka kidevuni. Bibi Agrafena akaja, akasimama mlangoni na watumishi nyuma yake.

Safari hii Adelinda alijua la kufanya. Aliketi juu ya sanduku lake. Wote wakaketi, kimya. Na Darya, ambaye bibi yake alimfundisha vizuri, akaja polepole akaketi karibu na mama yake juu ya lile sanduku, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama. Ulipofika muda wa kuinuka, mtoto akasikia ule mkono unataka kutoka. Akaukandamiza.

"Mama," akanong'ona, "mtu akikaa kidogo anakwenda. Wewe kaa sana."

Adelinda akakaa. Dereva akakohoa nje. Adelinda akakaa. Farasi wakaanza kupiga kwato kwa baridi, wakawekewa mablanketi, na yeye akakaa. Watumishi wakaanza kutazamana. Mwishowe Bibi Agrafena akasimama.

"Utaketi mpaka lini?"

"Nimekwisha kumwinua mmoja, mama," akasema Adelinda. "Huyu simwinui."

 Mama mkwe akatoka nje, akamwambia dereva awafungue farasi. Toka siku ile Darya alipewa mama yake kila siku, saa ya chai, wameketi. Lilikuwa jambo dogo, nalo lilikuwa ndilo pekee alilopata katika nchi ile.

Na yule mama wa kwao? Najua mtauliza. Alikuwa amekwisha kuambiwa binti yuko njiani. Kila asubuhi alitaka kitanda cha binti yake kitandikwe, na akamwambia jirani aliyemuuguza asifunge dirisha la upande wa daraja. Alikufa theluji ilipoanza kuyeyuka, dirisha likiwa wazi. Adelinda alisoma barua ya msiba huo saa ya chai, akaikunja, akammiminia mtoto maziwa. Ahadi yake haikutimia, na aliibeba mpaka alipokuwa bibi kizee kama mimi.

Sasa niambieni. Mgeni akivunja desturi asiyofundishwa, kosa la nani? Eeh, leo mmejibu upesi. Mimi sikujibu upesi hivyo. Mama yenu alipoolewa na mwanangu hapa, katoka kwao Singida, jioni ya kwanza akafagia nyumba jua limezama. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa hatufagii saa hiyo. Mwaka ule ng'ombe wetu akafa, nami nikasema ni ufagio wake. Nilimnunia mpaka huyu Hoza akazaliwa. Sijawahi kumwambia neno la kufuta lawama ile.

Yuko jikoni peke yake tangu mchana. Mwiteni, aje aketi hapa karibu nami.

Kisa changu kimeketi. Nyinyi inukeni.