Sufuria Aliyelitafuta Jina Lake

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa sufuria, tumbo pana, akili kiduchu!

Zamwaka, mjukuu wangu, wewe unayejifunza kuandika programu, umeniuliza mbona kitu ulichokiunda hakijui jina la kigeu, ile lebo unayokiitia ndani ya programu. Kaa hapa. Na wenzio wasikie.

Hapo zamani za kale palikuwa na Sufuria wa shughuli, wa kuazimwa na mtaa mzima. Bi Rukia akiita, "Babu Pilau!" huyoo, mbio. Mzee Shekue akiita, "Kitumbo!" huyoo, mbio. Somo Mwanahawa akiita, "Jitu!" huyoo, mbio. Na mtaani alipita Zimwi wa vyuma chakavu. Sheria yake moja: kisichoitwa na mtu ni changu.

Siku moja Sufuria akaona sahani za harusi zimeandikwa majina chini kwa rangi, zisipotee. Yalikuwa majina ya wenye sahani, lakini bwana mkubwa yule nani amwambie? Wivu ukamshika. Akajitazama chini: masizi. Akajichungulia ndani: ukoko. Akajigonga ubavu: ngo! Jina hakuna.

Akaapa, "Asiyeniita kwa jina langu la kweli, siendi!"

"Babu Pilau, njoo!"
"Si jina langu."
Bi Rukia akaazima kwingine.

"Kitumbo, njoo!"
"Si jina langu."
Mzee Shekue akasonya, akaenda zake.

Somo Mwanahawa akaja mwenyewe. "Jitu, kesho mwanangu anaolewa. Njoo, baba."
"Si jina langu."
"Haya, nitajie lako nikuite."
Sufuria akajigonga tena ubavu: ngo! Mama wa watu akaondoka analia.

Zimwi huyo, na gunia lake. "Nani anakuita siku hizi?"
"Jina langu limo humu ndani!"
"Fungua nione." Ukoko mtupu.

Nyundo ikashuka: ngwa! ngwa! ngwa! Sufuria akapiga kelele, "Babu Pilau! Kitumbo! Jitu!"

Zimwi akacheka. "Sasa unayajua? Umechelewa. Na kujiita mwenyewe hakuhesabiki." Akamtia guniani.

Basi Zamwaka, jina haliko ndani ya kitu. Liko kwa wanaokiita, na wakiwa watatu, majina ni matatu, yote ya kweli. Ukitaka kitu chako kijue jina, kiandikie mwenyewe siku unayokiunda, uache kukisumbua kijipekue.

Hadithi imeiva, nimepakua. Aliyepata ukoko atafune. Mimi hapa naitwa Bibi. Kwa mawifi zangu nina jina jingine, sijaambiwa hadi leo, na wakiniita kwenye pilau naenda.