Kwa Nini Ningu Hupanda Mto Kuzaa

Mnamwona samaki ningu akipanda mto wakati wa masika, mnadhani alizaliwa na akili hiyo. Hapana. Zamani ningu alizaa humu humu ziwani, na kusema kweli alikuwa akiwazalia furu.

Furu mnamjua: samaki mdogo, mlafi, hana haya. Mayai yake huyafungia kinywani yasiguswe, na akishamaliza kulea, kinywa kile kile hukipeleka kwa jirani. Ningu alitaga kwenye mawe, furu wakala. Akataga kwenye matete, wakala. Mwishowe akabaki jike mmoja mwenye mayai, na madume wachache. Yale yakiliwa, ukoo wa ningu ulikuwa umekwisha.

Mvua zikaanza. Maji mekundu ya mto yakaingia ziwani na harufu ya nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Ningu akajua kule juu kuna mahali furu hawafiki. Akageuka, akaanza kupanda, na madume nyuma yake.

Furu wakacheka. "Samaki gani huyo anakwenda machungani?"

Kwenye kona ya kwanza akakuta uzio wa matete umeziba mto, na mgono umetegwa katikati. Akanasa. Mwenye uzio alikuwa mama mmoja, Nyabwire, ambaye siku hizo alikuwa akirudi nyumbani mikono mitupu. Alipomwona ningu alifurahi sana, akashika kisu.

"Mama, nipishe," ningu akasema. "Naenda kujifungua."

Sasa, kwetu mwanamke anayekwenda kujifungua hazuiwi njiani. Hata mwenye ugomvi naye humpisha, hata ng'ombe husimamishwa. Nyabwire alitazama lile tumbo, akaona aibu.

"Na wanangu watakula nini?"

"Leo sina la kukupa. Lakini wangu wakiteremka, waache nao wapite. Wakikua watarudi, na hutaweza kuwabeba kwa wingi wao."

Nyabwire alimwachia, akang'oa matete ya katikati, na madume wakapita nao. Jioni mumewe, Magesa, alimsema sana kwamba amekifungulia chakula mlango.

Ningu akataga kule nyasini kwa amani. Maji yalipoanza kupungua, vifaranga wakateremka, wengi mpaka mto ukameremeta, na waliochota maji wakawakuta mitungini. Nyabwire alisimama kwenye pengo akilinda wasiguswe, akicheka peke yake kwa furaha. Waliingia ziwani wakiwa na mbio ambazo furu hakuziweza.

Walipokomaa, masika yakawarudisha. Walipanda wakigongana, uzio ukayumba, na Magesa mwenyewe ndiye aliyekimbia kulipanua pengo. Waliposhuka baada ya kutaga, kijiji kizima kilikula kikashiba, na ziwa halikupungukiwa.

Na tangu masika yale, ningu hazai tena ziwani. Mvua zikianza, wenye nyuzio hung'oa matete ya katikati bila kuambiwa, na wanawake husimama ukingoni kumpigia vigelegele, kama apigiwavyo binti anayekuja kujifungua kwao.