Aliyebisha Hodi kwa Kinywa cha Elieskia

Katika milima ya Upare, kwenye shule ambako ukungu hushuka hadi madirishani mchana kweupe, wanafunzi wanne wa kidato cha tano walikuwa wakisoma fasihi pamoja, katika darasa lenye wenzao wengi. Mbonea alikuwa msomaji wa polepole. Neno halikumpita bila kuulizwa limetoka wapi. Nanzia alijua lugha, na sentensi ikihama kutoka lugha moja kwenda nyingine mikononi mwake haikumwagika. Kazeni hakuwa hodari wa mitihani, ila hakujua kurudi nyuma. Wa nne, Elieskia, kipawa chake kilikuwa sauti. Akisoma nafasi ya mzee, unamwona mzee.

Muhula ule Mwalimu Mshana aliwaletea tamthilia ya nchi za baridi, iliyotafsiriwa kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Ilimhusu mtoto aliyepotea kwenye theluji, akarudi mlangoni kwao akiwa si wa dunia hii tena, akabisha. Tafsiri ya Kiswahili iliishia hapo.

Elieskia alipewa nafasi ya mtoto. Alisoma mpaka neno la mwisho, mwalimu akafunga kitabu, yeye akaendelea.

"Mama, nifungulie. Baridi imefika kifuani."

Darasa likacheka kidogo. Kisha wakaona mvuke ukimtoka kinywani na kucha zake zimegeuka buluu. Mwalimu alimshika bega, akauondoa mkono upesi kama aliyeungua. Wengine wakasogea ukutani.

Elieskia hakuwaona. Aliona weupe usio na mwisho, na mlango. Nyuma ya mlango mtu alikuwa akipumua, asifungue. Kilichomtisha zaidi hakikuwa baridi. Alikuwa ameanza kusahau kwa nini alitaka kuingia.

Mbonea alikimbilia maktaba, akalitafuta toleo la Kiingereza, akalilinganisha na lao. Mfasiri wa Kiswahili alikuwa ameliacha onyesho la mwisho, pale mama anapojibu. Mbonea alirudi akihema, akamweleza mwalimu kwamba mtoto huyu anangoja jibu ambalo kwa Kiswahili halipo. Akalisoma kwa Kiingereza. Elieskia alisikia mlango ukitikisika, lakini sauti ile haikuwa ya kwao.

Nanzia akalichukua jibu lile akalifasiri palepale, si kwa Kiswahili, bali kwa Chasu, lugha aliyolelewa nayo Elieskia. Alipokwama, aliweka maneno ambayo marehemu mama yake mwenyewe alikuwa akimwitia jioni arudi ndani. Mlango ukafunguka. Lakini Elieskia alipotaka kuingia, miguu ilikuwa imeganda.

Ndipo Kazeni akamshika mikono yote miwili. Walimwambia amwachie, hakuwasikiliza. Alivuta kama anayemtoa mtu kisimani, huku Nanzia akiyarudia maneno, hadi Elieskia akaanguka sakafuni akilia kwa sauti yake.

Alipona. Ila vidole vya mkono wa kulia wa Kazeni vilikufa ganzi, na mpaka leo hashiki kalamu. Nanzia hayakumbuki tena maneno ya mama yake. Siku ile yalimtoka na hayakurudi. Naye Mbonea, kila ukungu ukishuka, husikia mtu akibisha karibu naye. Aliokaa nao hawasikii kitu.

Likizo ilipofika, mama yake Elieskia alitoa mtamba mmoja wa ng'ombe, ndiye pekee aliyekuwa naye zizini, wa kumshukuru aliyemrudisha binti yake. Binti akaomba wapewe wote watatu kwa pamoja. Mama akakataa.

"Aliyekurudisha kutoka huko ni kama amekuzaa, mwanangu. Nawe ulizaliwa na mmoja. Wewe ndiye uliyekuwa kule, chagua."

Elieskia akawaita wote. Mbonea alisema apewe Nanzia, kwa sababu Kiingereza chake hakikufungua kitu. Nanzia akasema bila Mbonea asingekuwa na cha kufasiri, na bila Kazeni mlango ungefunguka bure. Kazeni akasema yeye alivuta tu, na kila mtu ana mikono.

"Darasa zima lilikuwa na mikono," Elieskia akamjibu.

Akasimama katikati yao, kamba ya mtamba mkononi, akimtazama mmoja baada ya mwingine. Haya, nyinyi mlionisikiliza hadi hapa, kamba hiyo ingekuwa mikononi mwenu, mngemkabidhi nani?